Mshikeni

Fakihi alikuwa mtu wa kutangulia. Hata akiahidi kwamba leo wataenda pole pole, wakiongea kama watu wazima, akishakanyaga pedali mara chache tu ahadi inamtoka kichwani na mgongo wake unakuwa nukta mbele ya njia. Khulud alishazoea. Katika mwaka wa kwanza wa ndoa yao alikuwa ameupenda mgongo ule, na hakuona haya kuusindikiza kwa macho.

Walikaa Goba, juu kilimani, na Jumapili asubuhi walipakia baiskeli zao kwenye gari dogo wakashuka mpaka ng'ambo ya Mto Mpiji, kwenye mashamba ya mpunga. Huko kulikuwa na mfereji mrefu wa kumwagilia, na kando yake njia ya changarawe iliyochongwa kwa ajili ya matrekta. Matrekta yenyewe yalipita kwa nadra. Hapakuwa na bodaboda, hapakuwa na malori ya mchanga, wala mtu wa kukupigia honi. Maji kushoto, mpunga kulia, na kokoto zikisagika chini ya matairi. Fakihi alishinda wiki nzima Chang'ombe kwenye karakana, akikata vioo vya madirisha, na alisema masikio yake hayapumziki popote isipokuwa pale.

Kwa kina Khulud hawakuupenda mchezo huo, kama ambavyo hawakuipenda ndoa. Baba yake alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Temeke, la tangu enzi za babu aliyetoka Hadhramaut, Uarabuni. Fakihi alikuwa Mmakonde wa Newala, fundi aliyekuwaga anakuja pale dukani kununua silikoni ya kugandishia vioo na kukaa muda mrefu kuliko silikoni yenyewe ilivyohitaji. Katika ndugu wote, aliyekuja harusini ni kaka yake Muhdhar peke yake, na ndiye baadaye aliyemnunulia dada yake baiskeli mpya, nyekundu, yenye matairi mapana ya njia za kokoto.

Jumapili hiyo walipofika, Fakihi aliizunguka ile nyekundu kama mtu anayechagua ng'ombe.

"Leo nipe mie hii. Wewe chukua yangu."

"Ya kwako inalialia."

"Ndiyo maana nakupa."

Khulud akacheka. Tairi la mbele la ile nyekundu lilikuwa limetolewa ili baiskeli ienee kwenye buti. Akalirudisha, akakizungusha kwa vidole kile chuma kinacholibana, akiwa na nia ya kukikaza sawasawa. Simu ikaita, alikuwa mama yake, na mama yake hakuwaga na maongezi mafupi. Alipokata simu, Fakihi hayupo. Alikuwa ameshaingia njiani, anakula changarawe.

Khulud akapanda ile kuukuu ya mumewe akamfuata. Alikuwa ameshakwenda kipande kizuri, jua la asubuhi likimpiga begani, ndipo alipokumbuka. Hakulikaza lile tairi.

Mbele njia ilikuwa inakaribia lango la maji, mahali ambapo inateremka ghafla juu ya mawe. Kichwani mwake akaliona tairi likichomoka, akamwona Fakihi akitua kwa uso.

"Fakihi! Simama!"

Upepo ulikuwa unatoka mbele, ukamrudishia sauti yake mwenyewe. Akakanyaga kwa nguvu zote, na mnyororo wa baiskeli kuukuu ukachomoka. Akaitupa majanini, akaanza kukimbia. Karibu na lango la maji palikuwa na watu waliokuwa wakifanya palizi, wamepumzika kingoni, majembe mikononi. Hao wangeweza kumzuia.

"Mshikeni!" Khulud akapiga kelele. "Mshikeni huyo! Baiskeli yangu hiyo, tairi..."

Pumzi ikamkatikia hapo.

Watu wale wakainuka. Walichokiona ni mwanamke mweupe wa Kiarabu, mtandio umemwangukia shingoni, anakimbia huku analia. Mbele yake kijana mweusi anateleza juu ya baiskeli nyekundu inayong'aa. Hawakuhitaji maelezo zaidi.

"Mwizi huyo," mmoja akasema, wala hakupaza sauti. Waliobaki ndio waliopaza.

Fakihi aliona watu wanamjia na majembe, akasikia neno lile ambalo mtu yeyote wa Dar akilisikia hulijua mwisho wake. Angesimama, labda. Lakini miguu haikumuuliza, ikakanyaga zaidi. Mwanamume mmoja wa mabega mapana, ambaye Khulud alikuja kujua baadaye kwamba anaitwa Kondo, akaruka njiani na kuuchomeka mpini wa jembe katikati ya spoku za tairi la mbele. Baiskeli ikapinduka. Fakihi akapaa, akaangukia ukingo wa zege wa lango la maji, na mkono wake ukavunjika kwa mlio ambao Khulud aliusikia kutoka alikokuwa.

Wakamzunguka. Wa kwanza alimpiga teke la mbavu. Wa pili akatumia mpini, magotini, kisha mgongoni. Fakihi akajikunja, akanyanyua mkono mmoja uliobaki mzima, na mpini ukashukia vidole.

"Mie siyo mwizi," akasema. "Yule ni mke wangu."

Wakacheka. Walicheka kwelikweli, kama watu waliosikia kichekesho kizuri.

"Mke wako yule?" Kondo akamuuliza, akainama amtazame vizuri. "Yule pale? Wewe?" Akampiga mdomoni kwa kisigino cha buti, na meno yakatoka na damu juu ya kokoto.

Khulud alipofika, mama mmoja aliyevaa mabuti ya mpira akamkumbatia kumzuia. Jina lake lilikuwa Filomena.

"Usiangalie, mwanangu. Waache wamtie adabu."

"Mume wangu! Ni mume wangu huyo!"

"Tulia, mama, tulia. Baiskeli yako ipo."

Khulud akamng'ata mkono mpaka mama wa watu akamwachia. Akapasua katikati ya wanaume, akajitupa juu ya Fakihi. Pigo lililokuwa njiani likamshukia yeye begani, na mkono wake wote ukafa ganzi. Pembeni yake ilikuwa ile baiskeli nyekundu, na kwenye fremu yake pampu ya chuma. Akaichomoa kwa mkono uliobaki na nguvu, akageuka, akampiga Kondo nayo usoni.

Kondo akaenda chini kwa magoti. Wengine wakasimama kama walivyo, mipini hewani. Hawakuelewa, mwenye mali anampigia nini mtu aliyemsaidia?

"Ni mume wangu," Khulud akasema.

Sasa walimsikia. Majembe yakashuka. Mmoja akarudi nyuma, akageuka, akaanza kutembea haraka kwenye matuta ya mpunga. Akafuata wa pili. Muda si muda walikuwa wametapakaa mashambani, kila mtu na njia yake.

Kondo hakuweza kuondoka. Alikuwa ameziba jicho kwa viganja, damu inapita katikati ya vidole.

"Sista," akasema, "mie nilikuwa nakusaidia."

Khulud akampiga tena. Akampiga juu ya viganja vile, halafu kichwani, halafu popote. Kondo alianguka ubavu, hakujitetea, na Khulud aliendelea, hana machozi, hana neno, mpaka Filomena alipomvuta kiunoni kwa nguvu zake zote.

"Basi, mama. Huyu umeshammaliza. Muangalie wa kwako."

Filomena ndiye aliyekwenda barabarani kusimamisha pikapu iliyobeba matenga ya bamia. Wakalazwa wote wawili humohumo nyuma, Fakihi na Kondo, bega kwa bega, maana gari lilikuwa moja. Kila pikapu iliporuka shimo walilia pamoja. Khulud alimshikilia mumewe kichwa mapajani, na pampu ilikuwa bado mkononi mwake. Dereva ndiye aliyemwomba aiweke chini.

Fakihi alipoteza meno manne. Mkono ulifungwa plasta, taya likafungwa waya, na vidole viwili vya mkono wa kukatia vioo vilipona vikiwa vimepinda. Kondo alipoteza jicho. Polisi walikuja wodini, wakasikiliza huku na huku, wakauliza nani anataka kufungua kesi. Fakihi akatikisa kichwa. Kondo naye, aliyelala vitanda vichache kutoka pale, akatikisa chake. Kila mmoja alijua kesi yake itafufua ya mwenzake. Wale wengine hawakupatikana. Kule mashambani hakuna aliyewajua.

Muhdhar alikuja na supu, akawatukana wakulima wote wa bonde lile mpaka muuguzi akamtoa nje. Khulud hakuwatukana. Alimpita Kondo kila alipokwenda kuchota maji, akamwona na bandeji yake, na mkewe akimlisha. Alijiuliza kama anajutia jicho lile. Alijiuliza tena nyumbani, na mwezi uliofuata, na jibu lilikuja lilelile, hapana, naye hakumwambia mtu.

Kilichomtafuna kilikuwa kingine. Siku moja, akimnywesha Fakihi uji kwa mrija, akashindwa kujizuia.

"Ningenyamaza," akasema. "Ungeanguka tu. Ungevunjika mkono, basi. Mie ndiye niliyewaita."

Fakihi akausukuma mrija kwa ulimi. Kuongea kulikuwa kazi, maneno yalipita kwenye waya moja moja.

"Geuza," akasema. "Wewe uko mbele, juu ya baiskeli. Mie nakimbia nyuma. Mie ndiye napiga kelele, mshikeni huyo. Wangempiga nani?"

Khulud akafungua mdomo ajibu. Akaiona njia ileile, mfereji uleule, mwanamke mweupe juu ya baiskeli nyekundu na kijana mweusi akimfukuza kwa nyuma, na watu wakiinuka na majembe yao.

"Wewe," akasema.

"Basi."

Akaukubali mrija tena. Khulud akamshikia bakuli mpaka uji ukaisha, akamfuta kidevu, akabaki amekaa na kile kitambaa mkononi. Nje muuguzi alikuwa anawaambia watu muda wa kuona wagonjwa umekwisha, na yeye hakuinuka.