Komeo la Ndani

Jumamosi, tarehe tisa Agosti. Mvua iliyonyesha usiku kucha ilikatika alfajiri, na kulipokucha mawingu yalikuwa yamebaki mepesi, jua likichungulia katikati yake kama mtu asiye na hakika kama amealikwa. Koki alitoka nje kabla hajanawa uso. Alivuka ua akichapwa na matope ya ndara zake mwenyewe, akafungua mlango wa banda la bustani, akapapasa dari kwa kiganja. Kisha akapiga goti akapapasa sakafu, pembe hadi pembe, mpaka nyuma ya mlango.

Pakavu.

Akashusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu radi ya kwanza. "Ashukuriwe Mungu," alisema, akakaa pale pale sakafuni kidogo.

Jina alilopewa na wazazi lilikuwa limesahaulika. Alikuwa fundi bomba kwa muda mrefu mno hata mtaa mzima ukamwita Koki, naye akaitika. Angeuweka wapi uso wake kama paa lake lingevuja siku ya leo, siku anayorudi mke wake?

Mkewe alikuwa amekwenda kumhudumia binti yao aliyejifungua. Asubuhi ya kuondoka alivichukua vitabu vyake vyote vya masomo ya jioni, akavitia chini kabisa ya sanduku la nguo, chini hata ya mablanketi, akasema, "Mimi na shule basi. Nimejaribu, nimeshindwa." Akafunga sanduku. Mtihani ulikuwa Novemba.

Maneno yale yalimuuma Koki kuliko alivyoonyesha. Mkewe aliachishwa masomo akiwa msichana, mama yake alipougua. Akawa mpishi wa shule, akawapikia watoto wa watu waliokuwa wakisoma kile alichokikosa. Ukubwani, mvi zimeshamchungulia, akajiandikisha masomo ya jioni. Koki alijivuna mpaka akawachosha wenzake kazini, hata chini ya sinki la mtu, bomba likimwagia maji usoni, angesema, "Mke wangu anajua kipeuo cha pili." Na sasa alikuwa ameacha, imebaki hatua moja tu.

Alijikuna kichwa siku nzima, akapata jibu: kelele. Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili na sebule. Chumba kimoja alikaa mama yake Koki, bibi mzima wa afya isipokuwa masikio, na redio yake ilisikika hadi barabarani. Chumba cha pili walilala wao na wajukuu wawili, na godoro la wajukuu lilikuwa limekula nafasi yote kati ya kitanda na ukuta. Mtu atasomea wapi? Juu ya kabati?

Ndipo akaliangalia banda.

Lilikuwa banda la majembe, reki, toroli na mipira ya kumwagilia maji. Alihamishia vyote chini ya turubai nyuma ya nyumba, akakwangua kutu kwenye mabati, akapigilia dari ya mbao za makasha. Dirisha alilipata kwenye nyumba iliyokuwa ikibomolewa, pana, lenye vioo vinne, kimoja tu kikiwa na ufa. Sakafu aliisugua kwa rangi nyekundu mpaka ukaweza kuona kidevu chako ndani yake. Mlango wa zamani wa jiko akaulaza, ukawa meza. Ngazi iliyovunjika vipago viwili akaiegemeza ukutani, ikawa rafu ya vitabu. Kopo la kumwagilia maua alilitoboa tundu, akapitisha waya, likawa taa. Na kwa kuwa kila mtu hufanya kazi kwa vitu anavyovijua, vingine vyote vilikuwa mabomba: miguu ya meza, fimbo ya pazia, vishikio vya droo, hata kitu cha kutundikia koti.

Shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye ni seremala, alifika na kisanduku chake cha kazi kuja kurekebisha mlango uliokuwa ukikwaruza chini. Alisimama kizingitini akakagua kwa jicho la mtu anayetafuta la kusema.

"Pazuri," alisema. "Ila nikivuta hii droo, maji hayatatoka?"

"Vuta uone."

"Dada akioga humu nani atashangaa?"

"Wewe ambaye kiti ulichonitengenezea kinacheza kama kimesikia muziki, nyamaza."

"Kile kiti hakina tatizo. Tatizo ni makalio ya shemeji, hayana mizani." Akacheka peke yake. Kisha akatazama viatu vyake vilivyojaa matope, akatazama sakafu inayong'aa. "Siingii hivi. Dada ataniua. Huna kitu cha kufutia miguu?"

"Angalia nyuma, kwenye takataka."

Seremala alizunguka nyuma ya banda. Lundo la takataka lilikuwa limefunikwa bati kuukuu, na chini yake akachomoa gunia lililokunjwa mara nne. Akaja nalo, akalitupa mbele ya mlango. Aliinua mguu ili akanyage, akausimamisha hewani.

"Gunia hili lilikuwa la nini?"

"Achana nalo," Koki alisema. "La mwizi. Kuna mtu alikuwa akiingia humu. Nilikuta amegeuza ndoo juu chini na kukunja hilo gunia mbele yake, kama amepafanya kwake. Nikapiga kufuli. Hakurudi."

"Aliiba nini?"

"Hata kitu. Reki zote nilizikuta. Nilishangaa hata mimi."

Seremala alichuchumaa. Katikati ya gunia kulikuwa na mabonde mawili, jirani kwa jirani, nyuzi zimelainika na kung'aa kama kitambaa cha suruali kuukuu. Hakuwa na mzaha tena usoni.

"Shemeji. Mwizi gani anapiga magoti?"

Koki alilitazama gunia. Alilitazama tena. Mkewe, ambaye tangu waoane hakuwahi kulala bila kupiga magoti kando ya kitanda, aliacha lini? Tangu godoro la wajukuu liingie. Naye Koki hakuwahi kujiuliza alihamia wapi.

"Ulipofunga kufuli," shemeji yake aliuliza taratibu, "ulimwambia?"

"Nilisema mezani." Koki alikuwa bado anaangalia gunia. "Nilisema, kuna mtu amezoea kuingia kwenye banda langu. Leo nimemkomesha. Akatafute pengine pa kujificha."

"Na dada alisema nini?"

"Alisema ameshiba."

Koki akaliokota gunia. Ndani ya nyumba redio ilizimwa, na mama yake Koki akatoka mlango wa jiko, akivuka ua kwa fimbo yake kufuata jua. Alipoliona gunia mikononi mwa mwanawe alisimama.

"Afadhali umelitoa," alisema. "Mrudishie mwenyewe."

"Mama, ulijua?"

"Nisijue vipi? Dirisha langu linatazama banda. Kila jioni akitoka darasani anaingia humo na vitabu vyake, anasali, anapiga hesabu, anasali tena."

"Na kufuli nilipofunga, mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Nilidhani unajua. Nilidhani umekuwa mtu mbaya uzeeni." Alimtazama kama anayepima kama bado ni mbaya. "Kwani hukuona tangu siku ile nakusalimia nusu?"

"Nilidhani ni masikio."

"Masikio yangu nayajua mimi. Hiyo redio unayoilalamikia, nilikuwa naipandisha ili wajukuu wasimsikie wakaenda kumgongea. Mtu akizungumza na Mungu hapendi kukatizwa."

Koki alikaa kizingitini. Alikuwa amejenga chumba kizima, dirisha, meza na taa, ili kumrudisha mkewe kwenye masomo, kumbe aliyemfukuza ni yeye, kwa kufuli moja na maneno ya mezani. Hofu mpya ikamwingia. Mkewe akikiona chumba hiki ataelewa nini? Atasema, kwanza alinitoa, ndipo akapapamba.

"Shemeji," alisema, "lile komeo la kufuli liko upande wa nje."

"Naliona."

"Ling'oe. Lifunge ndani."

"Na nje?"

"Nje pasiwe na kitu. Hata msumari."

Seremala akavua viatu, akaingia peku, akafungua kisanduku chake. Safari hii hakutania. Aling'oa komeo, akaziba matundu kwa vumbi la mbao na gundi, akapiga msasa mpaka ukipitisha kidole huhisi kitu. Akalifunga ndani, usawa wa mkono wa dada yake. Koki naye alilikung'uta gunia, akalianika juani kwenye kamba ya nguo, akawa analigeuza kila mara kama mtu anayechoma mahindi. Lilipokauka alilikunja mara nne, jinsi alivyolikuta, akaliweka chini ya dirisha. Akatafuta ile ndoo, akaigeuza juu chini mbele yake. Kati ya mabomba yote yale na rangi mpya, ndoo na gunia vilionekana kama wageni wa shamba kwenye harusi. Aliviacha.

Mkewe alifika adhuhuri na mkoba wake, amechoka, uso ukiwa umejikunja kwa jua. Alimsalimia mama mkwe, akamkumbatia mdogo wake, akasema mtoto mchanga ana pua ya Koki, Mungu amsaidie. Kisha akaona mlango wa banda uko wazi, na pazia ndani yake.

"Hapa pana nini?"

"Nenda ukaone," alisema Koki.

Alikwenda mpaka kizingitini, akasimama. Hakuingia. Macho yake yalipita juu ya meza, rafu ya ngazi, taa ya kopo.

"Pamependeza," alisema, kwa sauti ya mtu anayesifu nyumba ya jirani. "Nani atakaa humu?"

Koki akanyoosha kidole tu, chini ya dirisha.

Mkewe aliliona gunia. Aliona na ndoo. Mkoba ukamteleza begani.

"Nilidhani mwizi," Koki alisema. "Mke wangu, kwa jina la Mungu, nilidhani mwizi. Sikujua. Leo ndiyo nimejua, hawa wananishuhudia. Nisingekufungia wewe hata kwa kufuli la nyuzi."

Mkewe aligeuka akamtazama usoni, muda mrefu, kama anayehakikisha jibu la hesabu kwa kulirudia kutoka mwisho.

"Mwizi," alisema.

"Ndiyo."

"Mwizi asiyeiba hata reki."

"Nilishangaa hata mimi."

Alianza kucheka. Kicheko kilianza kifuani, kikamtikisa mabega, kikamtoa machozi, na machozi yalipotoka hayakuwa tena ya kicheko peke yake. Alijifuta kwa ncha ya kitambaa cha kichwa. "Mimi nilisema, mume wangu ameniona nimepiga magoti kwenye gunia la mbolea, naomba kufaulu hesabu, ameona aibu. Ameona mkewe anazeeka vibaya. Nikasema basi, nisimwaibishe. Miezi yote hii nimelibeba jambo hili peke yangu."

"Na mimi nimepokea salamu nusu kutoka kwa mama miezi yote hii."

"Na bado nafikiria kama nikuongezee," alisema bibi.

Mkewe akavua ndara, akaingia. Akashika bomba la mguu wa meza, akalitikisa, halikucheza. Akavuta droo, na mdogo wake nje akakwepa kana kwamba maji yanakuja. Akarudishia mlango, akaona komeo. Akalisukuma, wakasikia likilia tiki. Nje waliobaki walitazamana. Kukawa kimya ndani, kimya kirefu, na Koki, ambaye angeweza kusikia tone la maji likidondoka ndani ya ukuta, alisikia gunia likikwaruza sakafu. Akavua kofia. Moyo wake, uliokuwa umekazwa kama nati tangu asubuhi, ukalegea wenyewe.

Komeo lililia tena, mlango ukafunguka. Mkewe alikuwa na alama ya nyuzi za gunia kwenye magoti.

"Dada," alisema seremala, "kabla hujasema lolote. Shemeji amepoteza usingizi, mimi nimepoteza Jumamosi. Vitabu viko chini ya mablanketi. Sema kwa sauti, mashahidi tupo."

"Nisikie na mimi," alisema bibi.

Mkewe alishika kizingiti kwa mkono mmoja. Alimtazama mama mkwe, akamtazama mdogo wake, akaishia kwa Koki.

"Jumatatu jioni narudi darasani," alisema, kwa sauti iliyofika hadi barabarani. "Na Novemba, nijue nisijue, naingia kwenye chumba cha mtihani na ninaandika mpaka waniambie weka kalamu chini. Naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu nyinyi watatu."