Wifi wa Odense

Areej ndiyo kwanza alikuwa amerudi Marikiti na kikapu chake cha mboga aliposikia hodi mlangoni kwake, Kibokoni, Mombasa. Alipofungua alikutana na mwanamke wa Kizungu aliyejitanda mtandio, mkoba begani.

"Wifi, ni mimi. Kirsten."

Areej alishika mwimo wa mlango. Huyu ndiye mke wa nduguye Faiz, aliyefariki miezi mitatu nyuma huko Denmark na kuzikwa hukohuko. Hawakuwa wamesemezana kwa miaka tisa.

Chanzo kilikuwa safari moja. Areej alikuwa Ujerumani kwa binti yake, akapanda treni hadi Odense bila kumwarifu mtu, kama mtu aendavyo kwa nduguye. Kirsten alifungua mlango, akaganda, kisha akauliza, "Mbona hukupiga simu?" Baadaye alitandika kitambaa mezani, akawasha mishumaa mchana kweupe, akaleta kahawa na vipande vinne vya mkate mweusi na samaki baridi. Mwenyewe hakugusa kitu. Kesho yake Areej akaondoka. Aliporudi Mombasa alimwambia kila aliyemuuliza kuwa nduguye ameoa barafu. Faiz alipopiga simu, hakuipokea. Alipiga tena na tena mpaka akachoka.

"Ndoo ndani," alisema sasa. Hakulelewa kumwacha mtu nje.

Kirsten alivua viatu, akakaa mkekani. Kiswahili chake alikitoa kwa Faiz, hata ile namna ya kuvuta maneno.

"Nisamehe, sikupiga simu. Niliogopa utanikataza."

"Na kwenu si makosa hayo?"

"Kwetu mgeni huarifu ili akute meza imetandikwa. Ndiyo heshima yake. Siku ile ulipokuja nilikuwa nimetoka hospitali asubuhi ile. Mimba yangu ya miezi mitano ilikuwa imeharibika. Faiz alinambia nisikwambie, umetoka mbali, usipokewe kwa msiba. Nikajikaza, nikatandika meza. Ndani mlikuwa na mkate ule tu."

Areej akauliza, "Mwana mume au mke?"

"Mke. Faiz sasa amelala karibu naye."

"Mungenambia, wifi. Hata baadaye."

"Alikupigia. Hukupokea."

Hapo Areej akalia. Tangu habari ya kifo ifike alikuwa amewapokea waliokuja kumpa pole kwa macho makavu, na watu wakamsifu kwa subira. Sasa alilia kwa sauti, kichwa mapajani mwa mgeni, na Kirsten akawa anampapasa mgongo.

Adhana ya adhuhuri ilipokwisha alinawa uso, akasali, kisha akaingia jikoni. Kirsten akamfuata. Areej alitaka kumrudisha akakae, mgeni hapiki; kisha akamsogezea mbuzi na nazi akune. Walikula sinia moja.

"Mizigo yako i wapi?"

"Hotelini."

"Ikachukuliwe. Chumba cha Faiz ki wazi."

"Kwa siku ngapi?"

"Hilo haliulizwi hapa."

Alasiri, Kirsten akiwa amelala, Areej alikaa ukumbini akampigia binti yake Ujerumani.

"Mwanangu," alisema, "ile safari yangu ya Odense nilikueleza vibaya. Nisikilize."