Hapana Yenye Asali

Nilisema hapana mara kumi na saba asubuhi ile, na zote zikakataliwa.

Kazi yangu ni kuingiza sauti ya Kiswahili kwenye filamu za katuni. Unakaa kwenye chumba kisicho na dirisha, kuta zimebandikwa sponji, hedifoni masikioni, na kila binti wa mfalme akifungua mdomo kwenye skrini, na wewe unafungua wako. Binti huyu alikuwa anaposwa na mwana wa mfalme wa nchi jirani. Anamkataa mara tatu. Mara ya nne jamaa anapanda ukuta, maua kayauma mdomoni, anagonga, na yule binti anamfungulia. Muziki, ndege, harusi.

"Hapana yako ina ukali," akasema mwongozaji kutoka upande wa pili wa kioo. Sisi tunamwita Asali, maana dawa yake ya kila kitu ni hiyo hiyo, weka asali. "Watoto watadhani hamtaki kweli."

"Kwani anamtaka?"

"Dada, usiniletee siasa hapa. Anamtaka, ila hajajijua. Weka kicheko kidogo pale mwisho. Asali, dada, asali!"

Basi nikaweka. Hapana ya kumi na nane ilitoka laini, imelegea, na kicheko kinaning'inia mwishoni. Asali akapiga makofi. Nilitamani kumtupia hedifoni usoni, lakini nikaitundika ukutani, nikapanda ghorofani.

Ghorofani ndiko redio ilipo, na mchana mimi ndiye msomaji wa taarifa ya habari. Siku hiyo mhariri alinipa karatasi inayohusu muuguzi aliyeuawa na mwanamume aliyemkataa. Juu yake ameandika, "Mapenzi yamponza muuguzi." Nikamuuliza, mapenzi yapi? Mwanamke kahama mitaa miwili akimkimbia huyo mtu! Mhariri, mtu mzima na mvi zake, akaniambia wasikilizaji wanapenda habari yenye ladha. Nikasoma. Nilisoma vizuri tu, sauti imetulia, kisha nikaendelea na hali ya hewa.

Sijisifu. Nakueleza ili ujue ni mtu wa aina gani anayekusimulia haya.

Maana wakati huohuo mdogo wangu, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa na fundi simu wake. Nasema wake kwa kuwa ndivyo watu walivyomwita. Mdogo wangu mwenyewe alishamwacha miezi minne nyuma. Kila jioni jamaa alisimama mbele ya chumba chake cha ushonaji. Hapigi kelele, hatukani, anasimama tu kumtazama akishona. Mdogo wangu akaenda polisi. Askari wa zamu akacheka mpaka akashika meza. "Wenzako wanalia hawana wa kuwafuata, wewe unakuja kumshtaki?" Alikuja kwangu macho mekundu. Nikamwambia, beba cherehani yako, hamia hapa. Mlango wangu una komeo la chuma, na huyo mtu hapajui kwangu.

Alikaa wiki tatu, akishonea sebuleni. Binti yangu wa miaka sita, tunayemwita Kiroboto kwa kutotulia kwake, tulimsimamisha mbele ya mlango tukampa sharti. Mtu akigonga usifungue, mwite mama mdogo. Hata kama namjua? Hata kama unamjua. Akalikariri.

Jumamosi filamu yetu ikaonyeshwa kwenye televisheni. Kiroboto akatangaza jengo zima kwamba yule ni mama yake anaongea. Ikarudiwa Jumapili, halafu kila siku saa kumi jioni. Haikupita wiki akajua maneno yote, kicheko na vyote. Alikuwa anajitanda shuka kichwani na kusema hapana zangu tatu, na mimi, kichwa kimenivimba, nampigia makofi.

Alhamisi iliyofuata, mimi nikiwa kazini, fundi simu alimfuata kwa nyuma mteja aliyekuwa anakuja kuchukua gauni, na hivyo ndivyo alivyopajua. Mteja alipoondoka, yeye akagonga. Mdogo wangu alikuwa anakanyaga cherehani, hakusikia. Kiroboto akachungulia kwenye tundu la ufunguo. Akamwona mtu amepiga goti, shati limepigwa pasi, ameshika maua. Akavuta kiti, akapanda, akafungua komeo.

Yaliyofuata nilisimuliwa na mama wa ghorofa ya juu, aliyeteremka mbio na mchi wake. Alimkuta jamaa kambana mdogo wangu kwenye cherehani, kamvunja mkono wa kulia juu ya kiwiko, na mkasi wa kushonea kamnyang'anya. Alimshushia mchi mmoja wa mgongo ili amwachie. Wa pili, aliniambia, ulikuwa nyongeza. Majirani wa koridoni walisikia mayowe tangu mwanzo. Walidhani ni wapenzi wanasuluhishana! Ndipo polisi wakaja, na safari hii hakuna aliyecheka.

Mdogo wangu yuko hai. Mkono uko kwenye plasta, vidole viwili havina hisia, na daktari hataki kusema kama atashika sindano tena.

Kesho yake nilikwenda kazini kwa sababu moja tu, kuiona karatasi. Niliikuta mezani. "Ugomvi wa kimapenzi wajeruhi fundi cherehani." Nikamuuliza mhariri, ugomvi wa nani na nani? Huyo ni mdogo wangu, tumbo moja! Akashika kichwa. Pole dada, pole sana, hakujua, atampa mtu mwingine aisome. Mtu mwingine! Kuibadilisha hakukumjia akilini. Nikaichana vipande vipande, nikamtumbukizia kwenye kikombe chake cha chai, nikarudi nyumbani.

Kiroboto alikuwa chini ya meza ya cherehani tangu jana yake, hataki kula. Nikaingia hukohuko chini, magoti yananiuma, hasira bado zinanichemka.

"Nimekosa," akasema.

"Hujakosa, mwanangu."

"Mlisema nisifungue. Lakini alikuja na maua, na mama mdogo alishamkataa mara nyingi. Kwenye filamu wewe ulikataa huku unacheka. Halafu ukafungua mwenyewe."

Nikatafuta wa kumlaumu. Asali alikuwepo, tayari kabisa, na nilimlaani kimoyomoyo yeye na kioo chake. Lakini mtoto hakuisikia sauti ya Asali. Alinisikia mimi.

"Yule binti hakutaka," nikamwambia. "Nilijua hataki. Niliambiwa nicheke, nikacheka. Mama alidanganya."

Akakwaruza mguu wa meza kwa ukucha. Shuleni kwao mwalimu huwasha redio wakati wa chakula cha mchana, kwa hiyo hunisikia kila siku.

"Na kwenye habari?" akauliza. "Huko pia unadanganya?"

Mdogo wangu alikuwa amelala kwenye kochi, mkono juu ya mto. Nilidhani amesinzia. Akageuza kichwa kututazama, akingoja na yeye.

Nikafungua mdomo nieleze habari za mhariri, na wakubwa, na kazi zilivyo adimu. Nikaufunga.

"Ndiyo," nikasema. "Huko pia."