Kilo Themanini Mlimani

Watu wa gereji walimwita Taratibu, naye hakuliona tusi. Miaka ishirini na miwili alikuwa akivuta magari mabovu kwa pikapu yake ya dizeli, na tela lake halijawahi kumponyoka. Aliyemcheka kuliko wote ni mdogo wake, fundi umeme, ambaye miteremko aliishuka kwa nyutro, gari likiteleza bila gia, eti anabana mafuta. Waligombana juu ya jambo hilo hadi wakanuniana miezi mitatu. Mwezi wa nne breki zikamwishia mdogo mtu mlimani, akafa.

Sasa Taratibu alikuwa kituo cha polisi, ng'ambo ya mlima, kulichukua gari la marehemu. Shemeji yake, mjane, aliketi kando yake.

"Ningekuja peke yangu, shemeji."

"Najua. Lakini lile gari limelala mlangoni kwangu miaka tisa. Acha nilirudishe mwenyewe."

Wakalifunga kwenye tela kwa minyororo minne. Mizani ya magari ya pale chini ya mlima ikasoma kilo elfu nne mia moja na ishirini, karani akagonga muhuri kwenye karatasi ya uzito, wakaondoka. Ilikuwa saa sita, jua la utosi.

Akaanza kupanda kwa gia namba nne, kilomita hamsini kwa saa. Kona ya pili injini ikaguna. Hakungoja itetemeke, dizeli ukiilazimisha gia kubwa kilimani hutema moshi mweusi ikachemka. Akarudi tatu. Ikapata pumzi, kisha ikalegea tena. Mbili.

"Mbona inalalamika?" shemeji aliuliza.

"Sijui. Mzigo kama huu, siku zote tatu inatosha."

Huko juu kulikuwa na mizani ya pili. Karani wake, mama mwenye kalamu sikioni, alitazama karatasi, akatazama namba.

"Elfu nne mia mbili. Mmepakia nini njiani?"

"Hatukusimama popote."

Akawapima upya. Ileile. Akatoka, akalizunguka tela, akachungulia dirisha la gari bovu. Alirudi kwa haraka kuliko alivyokwenda.

"Nendeni tu," alisema, na hakuwatazama tena.

Wakaenda hatua chache kabla shemeji hajafungua kinywa. "Zimezidi themanini. Kliniki walimpima mume wangu mwezi mmoja kabla ya ajali. Themanini kamili."

Taratibu alitupia jicho kioo cha nyuma.

Mteremko ulipokaribia akaingiza namba mbili, maana gia ya kushukia huchaguliwa ukingali juu. Kilomita ishirini na tano. Injini ikaushika mzigo, naye akawa anagusa breki mara mojamoja tu. Kwenye kona ya tatu mkono wa gia ukasogea. Haukuwa mtetemo. Ulisukumwa polepole, kwa mazoea, kuelekea nyutro. Akaurudisha. Ukasukumwa tena, na baridi ikamwingia kiganjani hadi kwenye kiwiko.

"Shemeji, weka mkono wako juu ya wangu."

Akauweka, akafumba macho. "Ni yeye. Hivihivi ndivyo alivyokuwa akifanya."

"Mdogo wangu," Taratibu alisema kwa sauti ya chini, "leo hapana. Sikukukasirikia kwa kunicheka. Nilikuwa nakuogopea, na kusema hivyo nikaona haya. Tunashuka na mbili mpaka chini."

Gia ikalia. Mshale wa mwendo ukapanda thelathini, thelathini na tano. Akakanyaga breki kwa nguvu mara moja, akaachia, akaendelea kuung'ang'ania mkono wa gia. Walipita kona ya ajali, ambayo kingo zake zilikuwa bado zimevunjika, na kucha za shemeji zikamwingia kwenye ngozi. Hapo ile nguvu ikaanza kulegea kidogokidogo, kama mkono wa mtu anayepitiwa na usingizi. Ikaisha.

Tambarare alipofika akapanda tatu, akapanda nne. Pikapu ikakimbia kama haina kitu nyuma.

Shemeji aligeuka, akalitazama lile gari kwa muda mrefu.

"Ameshuka wapi?"

"Sikuona."

Walilishusha gari mlangoni kwa shemeji. Kesho yake asubuhi Taratibu alirudi mlimani bila tela, akasimama kwenye kona ya kingo zilizovunjika, akaufungua mlango wa abiria na kumngoja mdogo wake. Magari yalipita, madereva wakimshangaa. Hatimaye akaufunga, akaingiza namba mbili, akashuka. Pikapu ilikuwa nyepesi njia nzima.