Wimbo Uliopigwa Pasi

Mwanatumu aliitoa diski, akaipuliza, akairudisha. Kompyuta ikakwaruza, ikatafuta, kisha ikaandika kwenye televisheni iliyokuwa kioo chake yale yale iliyoandika mara ya kwanza: diski hii haitambuliki. Akaitoa tena, akaifuta kwa pindo la leso, akaisukuma ndani kwa kidole gumba.

"Wacha mzaha," aliiambia. "Leo si siku ya mzaha."

Nje, ua mzima ulinukia pilau. Wanawake wa Gazi walikuwa wamejaa tangu asubuhi, huyu anapepeta mchele, yule anagombana na sufuria. Chumba cha pili, Hanifa alikuwa akivishwa. Magari ya bwana harusi yangefika kutoka Likoni baada ya adhuhuri, na yakionekana tu wimbo ungeanza kulia, bibi harusi atoke nao mlangoni. Wimbo ulikuwa humo diskini, na ndani ya wimbo mlikuwa na sauti ya Esha, mama mzazi wa Hanifa, aliyefariki binti huyo akiwa bado ananyonya, akalelewa na Mwanatumu.

Sauti yenyewe haikuzidi chafya kwa urefu. Siku moja Esha alikuwa akianika nguo, mtu akamwita, naye akaitika "eee" inayopanda kidogo halafu inajikunja mwishoni, na Mwanatumu, dada yake, akainasa kwenye kaseti. Kaseti iliota ukungu miaka mingi iliyopita. Lakini kabla haijaharibika, Mwanatumu alikuwa amekwisha kuiingiza "eee" ile kwenye kompyuta, kwa kisanduku kilichochomekwa nyuma yake, akaifanya ala ya muziki. Ukiibonyeza juu ikaimba juu, ukiibonyeza chini ikaimba chini, na kila ilipoimba ilikuwa ni Esha.

Watu walimcheka. Dobi wa kufua mashuka ya hoteli Diani, na kompyuta kuukuu ya kutungia nyimbo! Wacheke mpaka wachoke. Mzee Anton, Mzungu aliyekaa Galu na kufuliwa nguo na Mwanatumu na kukatiwa nyasi na Sefu, mdogo wa Mwanatumu, alikuwa na kompyuta mbili za enzi za ujana wake, na kutwa alikuwa akitunga muziki usiosikilizwa na mtu. Aliporudi kwao kufia huko, aliwaachia ndugu hao wawili, kila mmoja yake. Tangu siku hiyo hawakupatana tena juu ya muziki.

Ya Sefu ilichora mistari mitano, na noti zikakaa juu yake mithili ya ndege kwenye waya wa stima. Sefu, ambaye siku hizi hupiga kinanda kwenye bendi ya hoteli, aliisifu mpaka povu likamtoka. Wimbo unauona wote kwa jicho moja, unauchapisha, unampa mpiga gitaa asiyekujua na anaupiga. Ila kila noti ina chumba chake. Ukiipiga ikachelewa kidogo, mashine inaikokota mpaka chumba cha karibu na kufunga mlango. Na sauti ni zake mwenyewe, tatu tu, za kuvuma kama nyuki.

Ya Mwanatumu haikuwa na mistari. Ilikuwa na safu nne za herufi na nambari zinazoteremka kwenye kioo, na asiyeijua angeapa kwamba ni hesabu za duka. Lakini iliikubali sauti ya mtu. Nambari moja ya kuchelewesha, nyingine ya kutelezesha, na ngoma ikaingia baada tu ya pale unapoitarajia, ilivyopigwa na wazee wa Kidigo, kwa kuchechemea kwa makusudi. Sefu aliiita shimo la nambari.

Sasa Sefu huyo huyo akaingia, kanzu nyeupe, marashi, tabasamu hadi masikioni.

"Shikamoo dada. Umeshausikia?"

Mwanatumu alimwinulia diski. "Hii diski uliichukua Alhamisi. Umeifanya nini?"

"Nilitaka kukustaajabisha. Nimeutia wimbo wako kwenye mashine yangu. Nimeuandika kwa kuusikia tu, maana naujua kwa moyo. Ngoma ilikuwa inachechemea, nimeinyoosha. Wageni wa Likoni wangetucheka, dada. Kisha nikauhifadhi humo humo kwenye diski yako, na Owen wa spika nimempa kwa flashi."

"Humo humo?"

"Mashine yangu iliikataa kwanza. Ikasema haina kitu, ikaniuliza niisafishe. Nikaisafisha."

Mwanatumu alikaa kitandani polepole.

"Ilisema haina kitu, au ilisema haijui kuisoma?"

"Si mamoja?"

"Si mamoja, Sefu! Asiyejua kusoma akiokota barua, ataichana aseme ni karatasi tupu?"

"Lakini wimbo si upo? Hujapoteza kitu. Nimeupiga pasi tu."

Hapo ndipo Mwanatumu alipokuwa mbogo.

"Pasi? Wewe unaniambia mimi pasi? Nimeshika pasi tangu hujaota ndevu! Shuka hupigwa pasi. Hariri ya mgeni ukiibandika pasi hiyo hiyo unabaki na tundu lenye umbo la pasi. Iko wapi sauti ya Esha?"

Tabasamu la Sefu likalegea. "Pale pa Esha nimeweka ya mashine. Yangu haichukui sauti ya mtu, unajua. Nilidhani wewe unayo kwingine."

Hakuwa nayo kwingine. Diski nyingine zote ziliisha kwa chumvi na ukungu, moja baada ya moja, na hii ndiyo aliyoifunga kwenye nailoni na kuilaza katikati ya nguo zake kama mtoto mgonjwa. Sefu alilijua hilo. Alijitia hamnazo, basi, kwa sababu mtu aliyezoea kupigiwa makofi hotelini hadhani kuna kitu kinachoweza kuharibika mikononi mwake. Mwanatumu alitamani kumrushia televisheni. Alichofanya ni kuichomoa diski na kuishika kifuani, ingawa haikuwa na kitu cha kushikiwa.

Uani, Owen akajaribu spika zake. "Mathe!" alipaza sauti dirishani, na furaha yake ya bara. "Hii ngoma ni safi! Beat imenyooka, kila mtu atadensi!"

"Astaghfirullah," alisema Mwanatumu.

Baada ya adhuhuri Mama Chome, bibi wa makamo aliyeshika mambo yote ya siku hiyo, alikuja na kikombe cha maji. Kwa Wadigo binti hatolewi nyumbani huku kinyongo cha mtu kimemning'inia. Aliyemlea husema yote yaliyo moyoni, hatasaza neno, kisha hupiga funda la maji na kumnyunyizia binti kifuani, na hasira huenda na maji. Tendo hilo Wadigo huliita kuhasa. Akiyameza, amekimeza kinyongo, na ndoa haitulii. Mashehe wananung'unika, lakini hakuna mama anayethubutu kuliruka.

Hanifa aliketi mkekani, dhahabu na hina, macho chini. Sefu alisimama mlangoni, maana kimila mjomba ndiye mwenye binti.

"Sema, mwanangu," Mama Chome alimwambia Mwanatumu. "Na usifiche."

"Sina la kuficha. Hanifa, nina kinyongo na mjomba wako. Nilikuwa na sauti ya mama yako. Si picha, si hadithi, sauti yake mwenyewe. Nilikutungia wimbo wa kutokea mlangoni, uitikiwe naye. Huyu hapa ameifuta, kwa sababu ameona haya ya ngoma yetu mbele ya wageni. Ameifuta, akaweka nyuki! Na hata sasa anasema wimbo upo."

Wanawake walishika vinywa.

"Ni kweli," alisema Sefu. "Nimeifuta mimi."

Mwanatumu alingoja neno hilo limpunguzie kitu. Halikupunguza. Hanifa alikuwa ameinua uso.

"Sauti ya mama ilikuwa humu ndani?"

"Ilikuwa humu."

"Tangu lini?"

"Tangu ukiwa mchanga."

"Na wewe ulikuwa ukiisikiliza."

Mwanatumu alikuwa ameisikiliza, naam, kila alipotunga, mlango umefungwa, sauti imepunguzwa.

"Nimelala chumba cha pili maisha yangu yote," alisema Hanifa, kwa hasira ambayo hakuna mtu aliyeijua kwake. "Mbona hukuniita hata mara moja?"

"Nilikuwekea siku ya leo, mwanangu. Nilitaka iwe zawadi."

"Haya, leo ndiyo hii."

Mama Chome, aliyeona mambo yanaelekea kubaya, alimsogezea Mwanatumu kikombe mpaka kwenye midomo. Mwanatumu akapiga funda.

Honi zikalia barabarani. Owen, aliyeambiwa aanze akiona gari la kwanza, akaanza. Wimbo ukatoka kwenye spika umenyooka vizuri, kila pigo chumbani mwake, na wanawake wa uani wakaupokea kwa makofi yasiyokosea. Sefu alipiga kelele kwamba uzimwe. Hakuna aliyemsikia. Ukaja mvumo mwembamba, ukapita, ukaja tena.

"Ni hapo?" Hanifa aliuliza. "Hapo ndipo alipokuwa?"

Mwanatumu, mashavu yamejaa maji, akaitika kwa kichwa.

Hanifa alisikiliza mpaka mvumo ulipopita mara nyingine. Kisha akanyoosha mkono wenye hina, akakitwaa kikombe mkononi mwa Mama Chome, akapiga funda lake, kwa kinyongo chake mwenyewe.

Wakabaki hivyo, uso kwa uso mkekani, mashavu ya wote wawili yamejaa, na hakuna aliyetema wala aliyemeza.