Ukuta wa Agneta

Asubuhi ile, kabla pikapu ya mzee Khaemba haijawashwa, Nelima aliingia kanisani peke yake akatia vidole vyake ukutani.

Kanisa lao, mbele kidogo ya soko la Ndalu, lilikuwa la udongo na mabati. Ukuta wa nyuma ya madhabahu ulikandikwa na mama yake, Agneta, kwa udongo mwekundu wa mtoni na majivu. Kila mwaka kabla ya Pasaka Agneta alichora humo masuke ya wimbi kwa vidole vinne, juu mpaka chini. Kidole chake cha mwisho kilivunjika alipokuwa mtoto, kwa hiyo kila mstari wa nne ulipinda. Agneta alifariki mwaka jana. Picha yake ilikuwa moja tu, ya kitambulisho, na kitambulisho kilichukuliwa siku walipoandikisha kifo. Tangu hapo Nelima ndiye aliyekandika kanisa, lakini ukuta ule aliziba nyufa tu. Mistari hakuigusa.

Sasa kamati ilitaka kanisa la mawe. Ila akina mama wa pale walikuwa na desturi yao ya zamani: jembe haligusi ukuta mpaka anayeukandika aseme ubomolewe. Wazee waliicheka desturi hiyo, lakini hakuna mwanamume aliyewahi kuivunja, maana wanaokaa mlangoni kuulinda ukuta ni mama zao. Wiki mbili nyuma vijana walikuja na majembe, wakamkuta mama Peris na wenzake wamejaa kizingitini wanachambua kunde. Wakarudi walikotoka.

Ndipo Pasta Kizito akapata wazo. Kamati ingeenda kutazama nyumba za ibada za watu wengine, ichague mfano, na Nelima aende nao.

"Aone kwa macho yake," alimwambia Khaemba. "Huyu tangu amalize darasa la nane hajatoka hapa. Akiona, atasema mwenyewe."

Nelima alikuwa upande wa pili wa ukuta na alisikia. Akajiapia kwamba atatazama kila kitu na hatafungua mdomo.

Kitale walianzia kwenye kanisa kubwa lenye vioo vya rangi. Mwanga ulikuwa umemwagika sakafuni, mwekundu na wa buluu, na Nelima aliuzunguka asije akaukanyaga. Pasta alipima nguzo kwa hatua zake. Khaemba akakunja midomo.

"Ni nzuri, lakini naona ni kama benki. Nikipiga magoti hapa nitaombwa kitambulisho."

Kutoka hapo wakaenda kwenye hekalu la Wahindi. Mlinzi, kijana aliyejitambulisha kwa jina la Kipkemei, aliwazuia ngazini.

"Viatu hapa, wazee."

"Nitoe gambuti?" Khaemba akashtuka. "Kijana, soksi zangu hazijaokoka."

"Mungu wa hapa ameona mbaya zaidi, mzee. Toa tu."

Walicheka wakaingia. Kicheko cha Nelima kilikatikia mlangoni. Mawe meupe yalikuwa yamechongwa mpaka yakawa laini kama kitambaa kilichoshonwa kwa mkono. Nguzo zilijaa maua, ndovu na wanawake wanaocheza, na juu kabisa, ndani ya kuba, ua moja kubwa lilikuwa limefunguka. Akakaza shingo akaanza kuhesabu majani ya lile ua. Hakuna jani lililofanana na jingine. Kwa hiyo kuna mtu alikaa na kila jani peke yake. Machozi yalimtoka kabla hajajua kwamba analia.

"Unaonaje, Nelima?" Pasta aliuliza polepole.

Kiapo chote kilimtoka kichwani. "Pasta, yetu ni kibanda tu."

"Kibanda?"

"Kibanda kabisa. Hata wakibomoa, wanabomoa nini?"

Pasta akamshika bega, akatoka nje. Nelima alidhani ameenda kuvaa viatu.

Walipita Kanduyi jua likiwa utosini, wakaingia Bungoma mjini. Msikitini Nelima alijifunika leso kichwani. Ndani kulikuwa na weupe mtupu, zulia, na utulivu wa kisima.

"Ati hakuna hata picha moja!" Khaemba akanong'ona. "Sasa macho wanayaweka wapi?"

"Chini, bana," akajibu mzee mtunzaji, naye akacheka. "Ndiyo maana zulia letu ni safi."

Mzee yule alimwona Nelima akipapasa ukuta, akamwita nyuma, karibu na mahali pa kutawadhia. Palikuwa na kipande cha ukuta wa udongo, kimo cha kifua, kimejengewa kijipaa cha bati.

"Msikiti wa kwanza ulikuwa huu," alisema. "Nyanya yangu ndiye aliyekandika. Mafundi walitaka utoke. Tukawaambia, jengeni mkiuzunguka."

Kwenye kona ya chini palikuwa na alama ya kiganja, kidogo kama cha msichana. Nelima aliitazama. Alitoka mbio bila kuaga.

"Pasta, jengeni mawe, lakini mzunguke ukuta wa mama. Uachwe huo mmoja tu."

Pasta akamkazia macho. "Si ulisema mwenyewe, mwanangu?"

"Nilisema. Sasa nimekataa."

"Nilimpigia Wakoli, kiongozi wa vijana, tukiwa Kitale, nikasema waanze kubomoa. Akampa simu mama Peris, nikamwambia ulivyosema na ulivyolia."

"Piga tena."

Pasta alipiga. Simu ya Wakoli iliita mpaka ikakatika. Akapiga ya pili, ya tatu, tangu Bungoma mpaka Webuye, na Nelima akihesabu milio kama alivyohesabu majani ya ua.

Walifika mvua ya alasiri ikianza. Mabati yalikuwa yamepangwa vizuri pembeni. Udongo wa kuta vijana walikuwa wameshaumwaga kwenye msingi mpya na kuushindilia, ili mawe yapate pa kukaa. Wakoli alisimama katikati, mwenye furaha, matope mpaka magotini.

Mama Peris alimjia Nelima taratibu. "Tulikaa mlangoni, mwanangu. Tulikaa mpaka Pasta aliposema ni maneno yako. Si yalikuwa yako?"

"Yalikuwa yangu, mama."

Alipiga magoti msingini akachakura. Alipata bonge moja lenye mistari, kubwa kama mkate. Akatia vidole. Vitatu viliingia. Cha nne kilikosa pa kwenda, kwa maana bonge lilikatikia hapo, kabla ya ule mstari uliopinda. Akaliinamia alikinge na mvua, lakini lilikuwa limeshalowa, likamvunjikia mikononi na kumwagika kati ya vidole.

Jumapili waliabudu chini ya turubai. Pasta alihubiri juu ya uzuri, kisha akamwita Nelima ashuhudie aliyoyaona kule Kitale. Akasimama. Akina mama wote wakamtazama.

"Ilikuwa nzuri," alisema. Kucha zake zilikuwa bado nyekundu. "Ilikuwa nzuri sana."

Akakaa.