Sebule ya Vyura

Mapazia yalishonwa kabla ya nyumba kujengwa. Dada aliyapima kutoka kwenye mchoro. Alimtaka mdogo wake amsomee upana na kimo cha kila dirisha, akaandika tarakimu kwa chaki kwenye meza ya kukatia, kisha akapitisha mkasi katika kitambaa cha kijani hafifu bila kusita. Alikuwa fundi cherehani. Kwake dirisha lilikuwa mteja kama wateja wengine, tena mteja mzuri: halinenepi, halilalamiki, halibadilishi nia.

"Nyumba yenyewe haijachimbwa hata msingi," mdogo wake alimwambia.

"Kitinda, wewe chora. Kushona niachie mimi."

Kitinda lilikuwa jina la kitindamimba, na Dada peke yake ndiye aliyelitumia. Ofisini aliitwa Afisa Mipango. Mtaa mpya kando ya msitu ulikuwa kazi yake kubwa ya kwanza. Nyumba zilikuwa za wanachama wa chama cha wapangaji, watu waliozisubiri kwa miaka mingi, Dada akiwa miongoni mwao. Kura ilipopigwa, Dada alipata nyumba ya mwisho katika safu ya mwisho, pale msitu ulipoacha uwazi mpana kama uwanja. Madirisha ya sebule yangetazama miti moja kwa moja.

Mtu asiyekijua chumba cha Dada asingeielewa furaha yake. Alipanga nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Dirisha lake lilifunguka nusu tu, kisha likagota kwenye ukuta wa jirani. Humo ndimo alimomlea Kitinda baada ya mama yao kufariki. Humo ndimo alimoshona sare zake za shule, zote zikiwa na pindo refu la kufumuliwa kidogo kila mwaka. "Mtoto hukua," alikuwa akisema, "kitambaa hakikui."

Sasa hakuomba makubwa. "Nataka nifungue dirisha nione kitu ambacho si mgongo wa mtu."

"Subira huvuta heri, Dada."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Heri sijaiona bado. Tumbo ndilo nalijua."

Kitinda alikuwa ameupima ule uwazi wakati wa kiangazi. Miti ilikuwa imepukutisha majani, na ardhi ilikuwa imepasuka vipande vipande kama sahani iliyoanguka. Aliiona mipasuko ile akadhani ni ukame. Akaichora safu ya mwisho hapo, akifurahi kwamba hakuna mti hata mmoja utakaokatwa. Aliipenda safu hiyo kuliko nyingine zote. Waliohofia msitu kukatwa walikosa la kusema, na waliohitaji nyumba walipata nyumba.

Kisha mvua zikaja. Alipokwenda na mkandarasi kukagua vigingi, uwazi haukuwepo. Palikuwa na maji yaliyotulia, yenye kina cha kufika magotini. Miti ya pembeni ilikuwa imevaa majani na kutanda juu yake. Mayai ya vyura yalielea kando kando kama povu la sabuni, na vyura wenyewe walipiga kelele hata ikabidi watu wapaze sauti ili wasikizane. Mipasuko ile ya kiangazi ilikuwa sakafu ya bwawa.

Mkandarasi hakushtuka. Vibarua walimwita Bwana Kifusi, kwa kuwa hapakuwa na tatizo ambalo hakulitibu kwa kifusi.

"Nipe malori machache tu," alisema. "Hapa patakuwa pakavu kama kiganja."

"Na maji yataenda wapi?"

"Maji yana akili yake. Yatatafuta pengine."

"Pengine ni kwenye vyumba vya safu inayofuata. Na miti hii inakunywa hapa. Ukiziba, itakufa imesimama."

"Afisa, wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Leo wajenzi tumefika, wewe unatuletea habari za vyura!"

Vibarua wakacheka. Bwana Kifusi alipoona Kitinda hacheki, akashusha sauti. "Nyumba ya pembeni si ya dada yako? Mfikirie na yeye."

Hakuhitaji kukumbushwa. Mchoro ulikuwa umekwisha kupitishwa, na ofisini hakuna mtu mwingine aliyeyaona maji. Akinyamaza, kifusi kingemwagwa na Dada angepata dirisha lake. Akisema, safu nzima ingefutwa.

Kabla ya kusema lolote kwa yeyote, alimpeleka Dada akaone.

Dada alikuja amevaa viatu vyake vya kutokea. Alisimama ukingoni, akatazama.

"Nyumba yangu ni ipi?"

Kitinda akamwonyesha kigingi chenye utepe mwekundu. Kilisimama majini, mbali na ukingo.

Dada alivua viatu, akakunja gauni, akaingia. Aliitwa, hakugeuka. Alikwenda polepole, akiipapasa ardhi kwa nyayo, mpaka akakishika kigingi.

"Mlango uko upande huu?"

"Huo huo, Dada. Toka, utateleza."

"Basi hapa ni jikoni." Akasogea. "Hapa kitanda." Akasogea tena, maji yakapita magoti. Akaigeukia miti. Matone yalidondoka kutoka majanini. Vyura, waliokuwa wamenyamaza kwa kumwogopa, wakaanza tena mmoja mmoja.

"Na hapa sebule," alisema. "Ni vile vile nilivyoiwaza. Hata mti ule ulioinama niliuwaza."

Kitinda alisogea mpaka maji yakagusa viatu vyake.

"Ungenileta wakati wa jua nisingejua kitu," Dada aliendelea, bado amempa mgongo. "Ningetundika mapazia yangu nikazeeka kwa raha."

"Ndiyo maana nimekuleta sasa."

"Umenileta ili nikwambie futa. Nikishasema, utakuwa umetumwa na dada yako mkubwa." Akageuka. "Sikwambii, Kitinda. Nyumba hii naitaka. Nikisema siitaki nitakuwa nimekudanganya, nami sijawahi kukudanganya. Kalamu ni yako."

Walirudi. Dada alivibeba viatu mkononi mpaka barabarani.

Kesho yake Kitinda aliingia kwa mkuu wa idara na kueleza kwamba alikosea kupima. Akaweka mezani mchoro mpya. Bwawa liliachwa na ukanda wa miti kulizunguka. Nyumba za upande wa barabara ziliongezewa ghorofa, na familia za safu iliyofutwa zikapangiwa huko juu. Hakuna aliyekosa makazi. Hilo ndilo lililomshawishi mkuu.

Wanachama hawakushawishika upesi. "Vyura wamepewa nyumba, sisi tumepewa ngazi!" mmoja alipiga kelele mkutanoni, na ukumbi ukavuma kwa vicheko na miguno. Dada alikaa nyuma. Hakuzomea, wala hakumtetea mdogo wake. Muda wote wa ujenzi aliitikia salamu yake, akampakulia chakula, akarudi kwenye cherehani. Furushi la kijani lilikaa juu ya kabati.

Siku ya kuhamia, Kitinda alilibeba furushi hilo akapanda nalo ngazi. Madirisha ya ghorofani yalikuwa mafupi. Yalitazama barabara, kisha mabati ya safu za chini, na nyuma kabisa, kama mstari wa wanja, vilele vya miti. Dada alipanda kwenye kiti na kutundika pazia la kwanza. Likashuka mpaka sakafuni na kujikunja.

"Nikate?" Kitinda aliuliza, mkasi mkononi.

"Weka mkasi chini."

"Lakini limezidi sana."

"Nimesema weka chini." Dada aliketi sakafuni, akakunja kitambaa kwa ndani, pindo pana kuliko la sare yoyote aliyopata kushona, akatunga uzi kwenye sindano.

"Dada, dirisha halikui."

"Nani kakwambia nashonea dirisha hili?"

Mvua ya jioni ilikuwa imekatika. Magari yalipopungua, sauti ikapanda kutoka ng'ambo ya mabati, hafifu, kisha nyingi. Dada aliinua kichwa, sindano ikasimama. Alisikiliza mpaka uso wake ukalegea.

"Wamo sebuleni kwangu," alisema. "Na hakuna hata mmoja aliyevua viatu."

Kitinda akaketi karibu naye na kumshikia pindo, naye akaendelea kushona.